Visima vilivyohamia kaskazini: jinsi nilivyovirudisha

Ofisi moja ya serikali ya mtaa, huku mashariki mwa Uganda, ilitukabidhi faili lenye mahali pa visima. Nikalifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, juu ya picha ya setilaiti: kila kisima kimesogea kaskazini kwa mita kama 300. Kimoja kimekaa juu ya paa la kanisa. Lakini vyote vilisogea sawasawa, na hilo ndilo lililonifungua macho. Makosa ya GPS hutawanyika ovyo. Ya datamu, yaani msingi ambao vipimo vya ramani huanzia, huenda upande mmoja.

Faili la .prj, linalotaja mfumo wa viwianishi (namba za mahali), halikuwemo, na aliyetuma data alisema tu "ni UTM", mfumo unaopima mahali kwa mita, kanda kwa kanda. Tukachukulia kuwa datamu yake ni WGS 84, ile ya GPS. Kumbe ramani nyingi za zamani za Uganda zimejengwa juu ya datamu nyingine, Arc 1960.

Dawa: bofya safu ya visima, chagua mfumo wake wa viwianishi, weka EPSG:21096 (EPSG ni orodha ya mifumo hiyo kwa namba), yaani Arc 1960, UTM kanda ya 36 Kaskazini. Hapo unatambulisha tu, hugeuzi namba. Kugeuza kwenda EPSG:4326, yaani WGS 84 kwa latitudo na longitudo, kunafuata baadaye, wakati wa kuhifadhi faili jipya. Ukipindua mpangilio huo, kosa linasafiri nawe.

Nikaenda na simu hadi kisima cha jirani. Tofauti ilibaki mita chache, na kwa hizo nailaumu simu.