Mvua ni ile ile, majina ndio mengi

Mtoto wangu alizaliwa Aprili usiku wa manane, mvua inanyesha ile ya Nairobi yenye haina adabu, barabara imejaa maji mpaka dereva wa teksi akasema ile njia ya chini haipitiki tuzunguke, na mi huko nyuma nimeshika kiti cha mbele kwa nguvu namwambia kama ni kuzunguka azunguke haraka juu huyu mtoto hangoji mtu. Tulifika. Asubuhi sista akaja na fomu akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Mi na baba mtoto tukaangaliana. Miezi tisa tumenunua kila kitu mpaka beseni mbili, jina hatuna.

Sio ati hatukuwa tumefikiria. Shida ni majina yalikuwa mawili na kila moja lilikuwa na mwenyewe. Kwa baba mtoto ni Machakos, na Wakamba kwa kawaida msichana wa kwanza anapewa jina la nyanya mzaa baba. Mama mkwe anaitwa Mumbua. Kwetu ni Bungoma, na mamangu alishapiga simu kabla hata chai ya wodi ifike, hakuuliza kilo, hakuuliza mi niko aje, aliuliza, "Kulikuwa kunanyesha?" Nikasema ndio mama, usiku wote. Akasema basi huyo ni Nafula, akakata simu. Kwake kikao kilikuwa kimeisha.

Kama unajua Kikamba na Kibukusu ushaanza kucheka. Kama hujui, ni hivi: mbua kwa Kikamba ni mvua, efula kwa Kibukusu ni mvua. Yaani mashosho wawili wanavutana, huyu Machakos huyu Bungoma, na wote wanasema kitu kimoja.

Siku mbili kwa wodi huna kazi ya kufanya zaidi ya kunyonyesha na kuhesabu, kwa hivyo nikahesabu. Kitanda cha jirani alikuwa mama wa Siaya, kwao angekuwa Akoth, kama ni kijana Okoth, juu koth kwa Kijaluo ni mvua. Sista wa zamu ya usiku alikuwa Nyambura, na mbura kwa Kikuyu si ni hiyo hiyo. Kwa Wakalenjin angekuwa Cherop. Huko Turkana ni Akiru, kaka yake Ekiru. Kwa Waborana kuna Roba. Nchi nzima imesimama chini ya mvua moja, kila mtu anaiita kwa lugha ya kwao, halafu tunakutana hapa Nairobi, watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, tunasikia jina na kitu cha kwanza tunafikiria ni huyu ni wa wapi. Hakuna mtu anafikiria mvua.

Na mi sio malaika, mi mwenyewe nafanya hivyo. Nilikulia kwenye shule yenye mwalimu akiita Wafula wanasimama vijana wanne. Wafula wa mvua, Simiyu wa kiangazi, Wekesa wa mavuno, Wanjala wa njaa, Wanyonyi wa palizi, na wasichana unatoa tu Wa kama iko, unaweka Na: Nafula, Nasimiyu, Nanjala (Nekesa amejipinda kidogo). Ukikaa na registaa ya darasa letu ungeweza kulima nayo shamba. Mi nilidhani dunia yote iko hivyo, ati majina ni majira ya mwaka, mpaka nikaja Nairobi kusoma nikawekwa hosteli na wasichana watatu: Akinyi, Chebet na Njeri.

Akinyi ndio alinifungua macho, juu kwao, Wajaluo, hawafuati majira peke yake, wanafuata saa. Akinyi ni asubuhi, Anyango jua likianza kupanda, Achieng jua likiwaka, Adhiambo jioni, Atieno usiku, na wanaume ni O badala ya A. Nikamwambia sasa nyinyi mkishika kitambulisho cha mtu mnajua alizaliwa saa ngapi. Akasema usidanganyike, yeye mwenyewe alizaliwa usiku, Akinyi ni jina la dada ya babu aliyekufa, alimtokea mtu wa familia kwa ndoto akataka jina. Kwa hivyo ile asubuhi kwa jina lake sio asubuhi yake, ni ya mtu mwingine kabisa. Hii maneno ilinikaa kichwani miaka, utaona mbele kwa nini.

Chebet naye ni Mkalenjin wa Kericho, jina lake ni mchana. Siku moja akaja rafiki yake wa Iten anaitwa Jebet, nikadhani ni mtu amekosea herufi. Kumbe ni mchana ule ule, upande wa Kericho na Bomet utasikia sana Chep na Che, ukipanda Elgeyo Marakwet na Baringo inaanza kuwa Jep na Je. Sio sheria, watu wameoana wamehama, lakini Chebet alikuwa anapatia mara nyingi kuliko kukosea. Wanaume ni Kip, na ukiona Kip kwa mwanamke ujue kuna mwanaume wa familia amesimama nyuma ya hilo jina, kama Faith Kipyegon yule mwanariadha, ukiandika jina lake lote unakuta Chepng'etich limekaa hapo katikati. Lakini yenye nilipenda zaidi ni Kipchumba. Chumba ni mzungu, kwa hivyo mtoto akizaliwa hospitali, mahali pa wazungu hao wa zamani, anaitwa Kipchumba. Nilicheka sana, juu kwa hiyo hesabu karibu watoto wote wa Nairobi ni kina Kipchumba.

Njeri hakuwa na stori ya saa wala ya mvua. Jina lake ni la nyanya, ambaye ni la nyanya yake, ambaye ni la nyanya yake, mpaka unafika kwa wale mabinti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote kwa hadithi, tisa na mmoja juu. Hapa ndio nilielewa kwa nini simu yangu iko venye iko. Nina Wanjiru Kuku, Wanjiru Saluni, Wanjiru Kanisa, Wanjiru wa Ploti na Wanjiru Usishike. Kijana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wasichana vivyo hivyo kwa manyanya, halafu mnaingia kwa ndugu na dada za wazazi. Majina hayaongezeki, yanazunguka tu. Mahali wanaitana kwa majira au kwa saa, jina linachaguliwa na siku, na siku ni nyingi. Mahali wanaitana kwa nyanya, jina lilishachaguliwa kabla mama hajashika mimba. Ndio maana Wanjiku amekuwa mwingi mpaka magazeti yakamfanya mwananchi wa kawaida wa nchi nzima, na hajawahi kulalamika.

Na hata wao kwa wao wanajuana. Njeri alikuwa anakuambia bila aibu, Mwangi ni Murang'a, Wachira na Wangechi ni Nyeri, Njoroge na Nyokabi ni Kiambu, usimbishie. Mi nilimbishia, na nimekutana na Mwangi wa Kiambu si mmoja. Nyokabi lenyewe ni mwanamke wa Umaasaini, kwa hivyo hilo jina linakuambia watu walioana na kupigana na kuhamiana zamani kabla mtu hajachora mpaka wa kaunti.

Pwani ni dunia nyingine, na mi huko nimeenda mara mbili tu. Kilifi ni Kahindi, Katana, Karisa, Kazungu, na kuna Charo ambaye ni safari. Baba mtoto kusikia hivyo akasema ah, huyo si ni Kyalo wetu! Kyalo kwa Kikamba pia ni safari. Ukishuka mjini Mombasa na Lamu unapata Mwanaisha, Mwanajuma, Swaleh, Athman, na huyo Athman ukimpeleka Garissa anakuwa Osman, jina moja la Kiarabu limepita bahari mbili tofauti.

Sasa hayo yote ni majina ya katikati. Ya mbele, yale ya ubatizo, watu husema hayana kwao. Zamani yalikuwa nayo kabisa. Angalia majina ya wazee wetu. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata waliingia 1902 wakajenga misheni Nyeri, mwaka huo huo Friends, yaani Quaker, wakaanza Kaimosi, Wasabato wakafika Gendia 1906, na kila kanisa lilikuja na gunia lake la majina. Wakatoliki walileta watakatifu, ndio unapata kina Perpetua, Scholastica, Boniface na Consolata mwenyewe. Waprotestanti walifungua Agano la Kale, wakatupa Hezron, Zablon, Jerusha na Zipporah, na mpaka leo nikisikia Zablon, kabla sijaona uso, akili yangu ishapanda matatu ya kwenda magharibi. Babu yangu aliitwa jina la Biblia lenye hata mwinjilisti alikuwa anakwama kulitamka, na alilipenda.

Sai hiyo imeisha. Marekani wanatoa listi ya majina ya watoto kila mwaka mpaka kwa kila jimbo, rekodi zao zinarudi hadi 1880. Uingereza na Wales, mwaka wa 2023 Muhammad ndio lilikuwa namba moja kwa wavulana, Noah akafuata. Listi yangu mi ni ukuta wa nasari ya hapa esteti, wamebandika majina ya watoto kwa karatasi za rangi: Liam, Liam, Jayden, Ethan, Tiffany, Blessing, Liam. Ukisimama pale chini kwa bembea uite Liam, watoto watatu wanageuka na mmoja anaanza kulia. Ni Liam wa Kitui, Liam wa Homa Bay na Liam wa Nyandarua, na huwezi kujua mpaka jioni mama akasirike aite jina la katikati. Hasira ndio bado inalinda mila.

Kuna pia majina ya matukio, na haya hayana subira. Obama aliposhinda Novemba 2008, serikali ikatangaza tarehe 6 sikukuu, na wodi za Kisumu zikajaa kina Barack na Michelle. Hao sai ni vijana wakubwa, wengine wanakata nywele hapo Kenyatta Market.

Lakini mwaka huo huo wa 2008, mwanzoni mwake, jina lilikuwa kitu kingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuna barabara mtu alikuwa anasimamishwa anaulizwa kitambulisho, na wenye kuuliza hawakuwa polisi, na jina la pili ndio lilikuwa linaamua kama utapita. Rafiki yangu mmoja, sitasema wa wapi, alinificha jina lake la katikati miaka mitatu baadaye, tukiwa tunakula sahani moja. Watoto wake wawili ni Amani na Imani, halafu jina la baba ambalo pia ni la kizungu. Hakuna mahali pa kushika. Nikisoma watu wakiandika ati wazazi wa siku hizi wanaona aibu na makabila yao, ati Zuri na Malaika ni maringo ya Nairobi, mi huwa nanyamaza nikimfikiria. Wengine ni maringo kweli. Wengine wanamkatia mtoto njia ya kupita.

Mi nilitaka mvua. Baba mtoto pia alitaka mvua, shida ilikuwa ni ya nani. Yeye akasema Mumbua ni ukoo, huwezi kuruka mama mtu akiwa hai na ameshanunua kuku. Mi nikasema lakini Nafula ni ukweli, usiku huo kulinyesha, hata gari ulilipa mara mbili. Tukampigia mama mkwe tukamuuliza, mama, wewe ulizaliwa mvua gani? Akasema yeye hajui, alizaliwa kiangazi tena kikali, Mumbua lilikuwa la nyanya yake. Na nyanya yake alizaliwa mvua gani? Akacheka sana, akasema hiyo mvua hakuna mtu aliiona.

Basi nikakumbuka asubuhi ya Akinyi. Mtoto wangu kwa Machakos ana mvua ya mtu mwingine, imetoka mbali, hakuna aliyehai anajua ilinyesha lini. Kwa Bungoma ana yake mwenyewe, naijua mpaka harufu. Tukaandika zote mbili. Mumbua Nafula, halafu jina la baba. La kizungu hatukuweka, mama mkwe akauliza sasa kanisani watamwita nani, tukamwambia watamwita Mumbua, akanyamaza, nadhani alifurahi.

Shangazi yangu kwa grupu ya WhatsApp ya familia aliandika, "Sasa mtoto mmoja Mvua Mvua, mnataka mafuriko?" Hajajibiwa mpaka leo.

Cheti kilitoka wiki iliyopita. Nimekifungua kwa foleni hapo hapo, naona Mumbua wameandika sawa, tarehe sawa, halafu Nafula wameiandika Nafuna. Kijana wa dirishani ananiambia mbona si tofauti ni herufi moja tu. Jumatatu narudi na ile fomu ya wodi, na naenda na mamangu, amepanda basi ya usiku kutoka Bungoma kwa hiyo kazi moja.