Sitini, Sabini, Tisini: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa kumi na moja alfajiri. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu hapa Temeke, na kipaza sauti chake huwaamsha hata watoto wachanga, lakini mimi huamshwa na simu inayotetema chini ya mto. Nilijichoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo, kikasoma milimoli 8.1 kwa lita. Kalamu za insulini za akiba hukaa kwenye jokofu, na ile ninayoitumia huilaza ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kwa sababu joto la Dar es Salaam haliihurumii dawa hiyo. Nilijidunga, nikaswali, kisha nikabandua kile kikaratasi cha rangi ya chungwa mgongoni mwa betri mpya na kuiacha dakika moja ivute hewa kabla ya kuitia kwenye shimesikio, kifaa kinachonisaidia kusikia. Nilipoivaa, ulimwengu ulirudi ghafla: feni, maji ya bomba, kuku wa jirani.

Saa kumi na mbili na nusu nilipanda daladala, nikakaa dirishani. Humo huvua shimesikio zote mbili, kwani hukuza muziki na honi sawasawa na maneno ya konda. Kituo changu nakijua kwa macho.

Saa mbili kamili tulifungua duka. Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vitenge na khanga Kariakoo, na ni tarakimu zilizonifichua. Uziwi wangu ulianza na sauti nyembamba, na herufi ya kwanza kupotea ilikuwa “s”. Sasa tazama hesabu za Kiswahili: sita, saba, tisa, sitini, sabini, tisini. Mteja akitamka mojawapo huku amegeukia mzigo, mimi hubakiwa na mkia wa neno tu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika doti sitini mahali pa tisini, mzigo ukasafiri hadi Songea, na tofauti ikakatwa kwenye mshahara wangu. Tangu hapo kuna daftari juu ya meza, na kila anayeagiza huandika mwenyewe. Wengine hudhani ni utaratibu wa duka, nami siwasahihishi.

Saa nne nilikunywa chai isiyo na sukari. Mwenzangu wa stoo akasema, kama asemavyo kila wiki, “Dada, wewe mwembamba hivi, sukari umeipata wapi?” Swali hilo ni la haki kuliko anavyojua. Masikio yalianza kunisumbua nikiwa na miaka 29, sukari ikafuata nikiwa na 36. Kwa miaka mingi nilikuwa na mafaili mawili: moja la masikio na moja la sukari, kila moja na daktari wake. Hospitali moja iliniandikia metformini, vidonge vya kisukari, nikaimeza miaka mitatu. Kisha daktari kijana alifunga faili na kuniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Mama yako alikuwa anasikia vizuri?” Mama hakuwa anasikia vizuri. Tulizoea kumpigia kelele, na tulipomzika tulisema amekufa kwa sukari.

Damu na mkojo wangu vilipelekwa kupimwa nje ya nchi. Majibu yalisema nina kisukari na uziwi vya kurithi kwa mama, ugonjwa ambao wataalamu huufupisha MIDD, na ambao chanzo chake cha kijenetiki kilielezwa mwaka 1992. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, vinu vidogo vya nishati vyenye DNA yao wenyewe ya herufi zipatazo 16,569. Katika nafasi ya 3243, mahali palipotakiwa kuwa na A, baadhi ya mitokondria zangu zina G. Kongosho, linalotengeneza insulini, na sikio la ndani ni walaji wakubwa wa nishati, na vinu vikilegea, wao huumia. Metformini iliondolewa, kwa kuwa inaweza kuongeza asidi ya laktiki katika miili ambayo tayari ina mwelekeo wa kuizalisha kupita kiasi. (Anayeitumia kwa kisukari cha kawaida asiiache kwa sababu yangu, ni dawa nzuri kwa wengi.) Kwenye pochi nina kadi inayoeleza hali yangu na kuonya kuhusu jentamisini, sindano inayoweza kudhuru masikio. Kila mwaka hupimwa retina, moyo na figo.

Saa saba nilipima tena, nikala ugali kiasi, samaki na mchicha. Mchana ulipita kwa ankara.

Saa tisa na nusu simu ilitetema. Wifi yangu wa Tanga, mke wa kaka, hunitumia ujumbe kwa sababu simu ya kuongea hunichosha. Ni mjamzito, na kaka naye ameanza kuvaa shimesikio. “Wifi, niambie kweli, mwanangu atayapata haya?” Nilimjibu palepale kwamba mitokondria za mtoto hutoka kwa mama, kwa hiyo ugonjwa huu wa kaka hautapita kwa watoto wake. Alinitumia dua ndefu. Niliisoma mara mbili, nikauweka uso wa simu chini.

Mimi si kaka. Mwanamke mwenye hali hii huweza kuwarithisha watoto wake wote, wa kike na wa kiume, ingawa kiasi hutofautiana na wapo wasioonyesha dalili hadi ukubwani.

Saa moja usiku nilikuwa jikoni, binti yangu wa miaka 16 akimenya ndizi karibu na mlango, feni ikizunguka. Nilimwambia aniletee sufuria. “Umesemaje, mama?” Nikarudia, akaleta. Huenda ilikuwa feni. Baada ya chakula nilimwomba asome hesabu za kesho kwa sauti akiwa chumba cha pili, nikamwitia namba kutoka sebuleni, naye akaziandika. Kati ya kumi alikosa moja: sabini aliiandika sitini.

Saa nne nilivua shimesikio na kuzitia kwenye kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu. Kisha nikafungua daftari la miadi na kuandika jina lake chini ya langu, Alhamisi, saa tatu asubuhi.