Siku moja na mkono wa Afande

Saa 11:30 alfajiri. Kawempe, Kampala, bado giza. Chai ya rangi, kisha begi: vikombe vya plastiki, vibanio vya nguo, mfuko wa maharage. Hiyo ndiyo kliniki yangu. Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa kuzunguka majumbani.

Saa 1. Taksi ya Bombo haiondoki mpaka ijae. Tunangoja.

Saa 3. Afande mstaafu yuko barazani. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia miezi minne iliyopita. Leo hataki mazoezi ya vikombe. Mwanawe aliyeko Dubai kamtumia video ya mtu aliyefungwa sponji mbili zenye waya kichwani.

"Binti, dawa ndiyo hii. Tuagize."

Namwambia mashine hiyo ipo kweli. Hupitisha umeme mdogo, miliampea 1 hadi 2, kwa dakika kama 20. Kwake sponji moja ingekaa juu ya ubongo wa kushoto, unaoendesha mkono wa kulia, na nyingine kwenye paji la uso, upande wa pili. Lakini umeme huo hausogezi mkono. Huzifanya seli ziwe nyepesi kuitika, halafu mazoezi ndiyo yachonge njia. Ipo na ya sumaku, iliyoanzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Hiyo hurusha kidole bila mwenyewe kutaka. Matokeo ya jaribio moja la Marekani, wagonjwa 199, yalitoka 2018: kati ya waliopata sumaku ya kweli, asilimia 67 walipiga hatua; waliowekewa ya bandia, asilimia 65.

"Hao wa bandia walitumia nini?"

"Mazoezi, Afande. Wote walifanya mazoezi."

Kimya. Namkataza pia kujiunganishia betri: sponji ikikauka ngozi huungua, naye alipata degedege wiki ile ile ya kiharusi.

"Lete vikombe."

Anahesabu kwa sauti ya gwaride. Cha 31 kinaanguka, mkewe anacheka, anaanza upya. Tunafika 120.

Saa 7. Rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nakula nimesimama.

Saa 9. Mama wa Kawempe, bega limevimba. Ndugu walimwinua kitandani kwa kumvuta mkono uliopooza. Jamani, msivute! Saa nzima inaishia kwenye kutuliza maumivu tu.

Saa 2 usiku. Ujumbe kutoka Dubai: "Dada, mashine niagize?"

Najibu: "Tuma nauli ya taksi, niende mara tano kwa wiki."