Pointi tatu zinaamsha sare, zinamlaza anayeongoza

England ilianza kutoa pointi tatu kwa ushindi, badala ya mbili, msimu wa 1981/82, kwa pendekezo la Jimmy Hill. Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Lengo lilikuwa kuzifanya timu zishambulie, ila kanuni hii haifanyi kazi sawasawa katika kila matokeo.

Chukua mechi iliyo 1-1 dakika ya 80. Ukifunguka, unawania pointi mbili zaidi kwa kuhatarisha moja uliyo nayo. Tuseme mechi lazima impate mshindi: kushambulia kunakulipa ilimradi nafasi yako ya kushinda izidi theluthi. Enzi za pointi mbili ilibidi izidi nusu. Hapa kanuni inastahili sifa zake zote.

Sasa iwe 1-0, dakika ileile. Bao la pili halikuongezei pointi, lakini la kusawazisha linakunyang'anya mbili. Zamani lilichukua moja. Ndiyo maana winga anatoka, beki wa tano anaingia, timu nzima inarudi kulinda ("kupaki basi") na kipa anachukua muda wake kwenye kila mpira wa goli. Wachumi Luis Garicano na Ignacio Palacios-Huerta waliichunguza ligi ya Hispania kabla na baada ya kuhamia pointi tatu mwaka 1995: juhudi za kushambulia zilipanda, faulo zikapanda, mabao yakabaki palepale.

Mimi naona NASL, ligi ya zamani ya Marekani, ilikaribia zaidi lengo hilo la kushambulia. Ushindi ulikuwa pointi sita, na kila bao liliongeza moja, zisizozidi tatu, hata kwa aliyefungwa. Aliyelala 3-2 aliondoka na mbili, na anayeongoza 1-0 bado alikuwa na la kutafuta. Tofauti ya mabao inasaidia pia, ila thamani yake huonekana mwishoni tu, kama mwaka 2012 Manchester City na Manchester United walipolingana kwa pointi 89 na City wakabeba ubingwa kwa +64 dhidi ya +56.

Kanuni ya bao la ugenini ndiyo inayoniuma: jumla ya mechi mbili ikiwa sare, aliyefunga mengi ugenini anapita. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliifuta mwaka 2021 kwa sababu wenyeji waliogopa kufungwa nyumbani kuliko walivyotamani kufunga. CAF, ya Afrika, ikaendelea nayo. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria jijini Dar es Salaam, wakaenda Algiers. Djuma Shaban wa Yanga akafunga penalti mapema, jumla ikawa 2-2, na kuanzia hapo USM Alger hawakuhitaji bao lolote. Kufungwa 1-0 kuliwatosha. Matokeo yakabaki hivyo hadi filimbi ya mwisho, wakachukua kombe.