Siku Moja Maishani Mwangu: Msahihishaji wa Vitabu vya Nukta Nundu

Ninafanya kazi ya kusahihisha vitabu vya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, katika ofisi ndogo ya uchapaji maeneo ya Ilala, Dar es Salaam. Sioni kabisa. Surua ilinipata nikiwa mdogo, ikaambatana na upungufu wa vitamini A, na hivyo ndivyo watoto wengi wa rika langu walivyopoteza macho kabla chanjo haijaenea vijijini. Watu hupenda kuniuliza ninafikaje kazini, lakini ni wachache wanaouliza ninafanya nini nikishafika. Katika kueleza siku yangu ya leo, nitajibu swali la kwanza kwa ufupi na la pili kwa kirefu.

Saa 11:00 alfajiri

Shughuli za alfajiri nyumbani kwangu ni zile zile za nyumba nyingine yoyote ya Gongo la Mboto: chai, watoto kuamshwa, sare kukaguliwa. Kila kitu kina mahali pake, na watoto wamelelewa wakijua kwamba kiti kilichosogezwa hurudishwa kilipokuwa. Noti za nauli nazipanga kabla ya kutoka. Noti zetu hutofautiana kwa ukubwa, ya shilingi 10,000 ikiwa ndefu kuliko ya 5,000, na ya 5,000 kuliko ya 2,000, lakini tofauti hiyo ni ya milimita chache na noti iliyochakaa hudanganya vidole. Kwa hiyo kila aina naikunja kwa namna yake.

Saa 12:00 asubuhi

Natoka na fimbo nyeupe. Tangu ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka ulipoanza katika Barabara ya Nyerere, vivuko nilivyovizoea vimehamishwa, mitaro imechimbwa na kufukiwa, na imenibidi kujifunza njia upya mara nyingi. Msaada wangu mkubwa ni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani. Leo mmoja wao aliniita nikiwa bado mbali: "Shikamoo, mama! Usipite hapo ulipozoea, wamechimba. Zunguka huku kwangu." Nilimwitikia marahaba, nikafuata sauti yake, kisha nikashika kiwiko chake na kutembea nusu hatua nyuma yake. Anayeshika kiwiko huhisi mwili wa mwenzake ukipanda, ukishuka au ukigeuka, ilhali anayevutwa mkono huburutwa tu bila kujua kilicho mbele. Vijana hawa nilipowaeleza jambo hilo walilishika, na sasa wanawafundisha wageni wa kijiweni.

Ndani ya daladala hutegemea sauti ya konda akitaja vituo: Mombasa, Banana, Airport. Akinyamaza, basi lenyewe hunijulisha: likianza kupanda daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018, najua tumefika Tazara.

Saa 2:00 asubuhi

Usahihishaji wa nukta nundu ni kazi ya watu wawili. Mwenzangu, kijana anayeona, hushika nakala ya kawaida na kuisoma kwa sauti pamoja na mikato, nukta na herufi kubwa zote, nami nafuata kwa vidole kwenye karatasi nene iliyotoka mashineni. Leo tulikuwa na kitabu cha historia cha shule ya msingi.

Kila herufi hujengwa kwa nukta zisizozidi 6, tatu upande wa kushoto (ya 1 hadi ya 3, kutoka juu) na tatu upande wa kulia (ya 4 hadi ya 6), kwa hiyo nukta moja ikipotea au ikizidi, herufi huwa nyingine. Herufi K ina nukta ya 1 na ya 3. Ukiongeza ya 2, inakuwa L. Ndiyo maana sindano moja ya mashine ikigonga kwa ulegevu, "lulu" husomeka "kuku", na mtoto aliye darasani hana namna ya kujua kwamba kosa si lake.

Asubuhi hii tulikuta hitilafu katika sura ya Muungano. Tarakimu huandikwa kwa herufi A hadi J zikitanguliwa na alama ya namba, na alama hiyo ilikuwa imedondoka mwanzoni mwa mstari, hivyo vidole vyangu vilikutana na "aifd".

"Mdogo wangu, rudia hapo."

"Mwaka 1964, dada."

"Huku hakuna mwaka wowote."

Tulirudi kwenye faili, tukaikagua miaka yote ya sura hiyo mmoja mmoja kabla ya kuruhusu ukurasa uchapwe upya.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa picha. Kitabu kinamwambia mwanafunzi atazame picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, kisha ajibu maswali. Mwenzangu alipendekeza tuandike "picha ya Muungano" tukaendelee. Nilikataa, kwa sababu swali la kwanza linauliza kiongozi huyo anafanya nini, na la pili linauliza tendo hilo lina maana gani. Maelezo yakiwa mafupi mno, mtoto hana cha kujibia, yakizidi, yanamjibia. Nilimwomba anieleze anachokiona bila kutumia neno muungano, nikaandika, tukafuta, tukaandika tena, hadi tukapata sentensi chache zinazompa asiyeona kile kile anachopata mwenzake anayeona, na kumwachia kazi ya kufikiri. Asubuhi karibu yote iliishia hapo, wala sioni kwamba ilipotea.

Nina sababu ya kung'ang'ania mambo haya. Nilisoma Buigiri, shule ya wasioona iliyoanzishwa 1950 mkoani Dodoma, ambako walimu walinifundisha kuandika kwa kibao na kalamu ya ncha, ukichoma karatasi kutoka kulia kwenda kushoto ili maandishi yasomeke unapoigeuza. Nilipokwenda sekondari ya mchanganyiko wa wanaoona na wasioona, vitabu vingi nilivisikia vikisomwa na rafiki zangu wakati wao wa mapumziko. Mwanafunzi wa namna hiyo huonekana mzito wa kuelewa, kumbe kinachokosekana ni kitabu.

Saa 7:00 mchana

Nikiwa kwa mama ntilie na sahani ya wali na maharage, alinipigia kijana asiyeona aliyehitimu shahada ya ualimu. Alikuwa ametoka kwenye usaili. Mtihani wa kuandika ulitolewa kwenye karatasi ya kawaida, akasomewa maswali na mtu aliyekuwa akiharakishwa, na alipofika mbele ya jopo aliulizwa atapandaje ngazi za ofisi. Kuhusu namna anavyofundisha hakuulizwa neno.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Naithamini sana sheria hiyo, lakini kwa maoni yangu mlango hufungwa mapema zaidi, pale karatasi ya usaili inapowekwa mezani. Nilimshauri aandike barua leo leo, na kila atakapoitwa tena aombe mapema mambo matatu: maswali kwa nukta nundu au kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, muda wa ziada, na nafasi ya kufundisha somo fupi mbele ya jopo. Niliahidi kuipitia barua hiyo.

Saa 8:00 mchana

Mchana ni wa kompyuta. Natumia NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa 2006 na kijana asiyeona wa Australia, kisha akaungana na mwenzake asiyeona, na ambayo hutolewa bure. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania imejiunga nao, umerahisisha kisheria utengenezaji wa nakala kwa ajili ya wasioona. Kinachotukwamisha ni faili zenyewe: zinazofika zikiwa kurasa zilizopigwa picha hazisomeki, na hulazimika kuchapwa upya neno kwa neno. Niliandika barua pepe mbili kuomba faili za maandishi.

Saa 11:30 jioni

Mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana, nami ni katibu wake. Kabla sijapata ajira, daftari la michango halikufika kwangu. Msiba ukitokea, mkusanyaji alipita kwa jirani wa kulia, akaruka mlango wangu, akaingia kwa jirani wa kushoto. Walifanya hivyo kwa huruma, naamini. Lakini aliyesamehewa mchango husamehewa na kauli pia, maana hakuna aliyekuja kuniuliza maziko yawe saa ngapi wala chakula kipikwe kwa nani. Mshahara wangu wa kwanza ulipotoka nilimwendea balozi wa nyumba kumi nikamwambia, "Shikamoo baba, nimekuja kuandikwa." Siku nilipoitwa kwenye kikao cha kwanza ndipo nilipojiona mkazi wa mtaa huu.

Leo, baada ya kusoma majina ya waliolipa kutoka kwenye daftari langu la nukta nundu, lilikuja suala la mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye macho yake yameharibiwa na presha ya macho na ambaye amefunga kibanda chake. Mjumbe mmoja alipendekeza kwa moyo mwema kwamba mzee afutwe kwenye michango. Niliomba kauli. Nilisema mzee bado ana mikono iliyojua kitambaa kwa miaka mingi, kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba na asilimia 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu, na kwamba kumfuta kabla ya kumuuliza ni kumwambia kazi yake kwetu imekwisha. Wajumbe walijadili kwa muda mrefu, kisha wakakubali jina lake libaki.

Jumamosi mimi na balozi tutakwenda kwake. Tutaanza kwa kumuuliza mchango wa mwezi huu atautoa lini, ndipo tuzungumze habari ya fimbo na cherehani.