Mama Ameolewa Muheza

Mama ameolewa. Ndoa imefungwa Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa mjomba, Ngamiani, na jioni yake akaondoka na mumewe kwenda Muheza. Leo Jumapili nimesharudi Dar, watoto wamelala, na mawazo yangu bado yako Tanga. Naandika kwa sababu jambo hili limetutenga sisi ndugu tangu mwezi wa Shaabani, na naamini wapo mabinti wengine wa wajane wanaopitia haya haya bila kuwa na wa kumwambia.

Tuko watatu, wote wa kike. Dada yetu mkubwa kaolewa Chumbageni, hapo hapo Tanga. Mimi ni wa katikati. Mdogo wetu ndiye aliyebaki na mama katika nyumba ya baba. Baba alifariki 2017. Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona madera na sare za shule kama zamani. Tulituma cha kutuma, tulipiga simu, na kila sikukuu tulijazana pale ukumbini na watoto wetu mpaka mikeka haitoshi.

Mzee wa Muheza alikuja kwanza kama mteja. Ni mwalimu mstaafu, mgane, ana shamba lake la michungwa, na alileta sare za wajukuu wake. Mdogo wetu anasema akawa anarudi: leo kanzu imefumuka, kesho suruali ipunguzwe. Siku moja akamwuliza mama kwa nini kila akimaliza mshono anashika goti. Cherehani ile ni ya kukanyaga, na mama anaikanyaga tangu mimi sijazaliwa. Posa ilipokuja na mama akaulizwa anataka mahari gani, alitaja kiasi kidogo cha fedha, na yule mzee akaongeza mwenyewe: cherehani ya umeme. Mjomba aliponisimulia hilo kwenye simu ilibidi nikae chini kwanza. Sisi watoto wa kuzaa goti lile tumeliona miaka yote. Yeye aliliona akaliulizia.

Mama hakutuambia mwenyewe. Alipitisha kwa mke wa mjomba, kama adabu inavyotaka, naye akamwambia Dada kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Usiku ule ule Dada akaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Ana wajukuu, ana nyumba, anataka nini tena kwa mwanamume?" Nikamjibu kwamba angemwuliza yeye mwenyewe. Mdogo wetu hakuandika kitu. Alikuwa na lake. Watu wa Pangani walikuwa wameshaleta barua ya posa kwa ajili yake, na hapo mtaani pakawa na maneno, kwamba mwaka huu katika nyumba ile mama na mwana wanagombea shela. Kuna jirani alimtupia maneno hayo bombani, mbele ya watu. Mdogo wetu akarudi na ndoo tupu, akajifungia, na kuanzia hapo akawa anamjibu mama kwa mkato. Nilimhurumia, lakini nilimwambia pia kwamba posa yake haiwezi kuvunjika kwa sababu mama yake kafanya jambo la halali. Na kama watu wa Pangani wangeivunja kwa hilo, basi afadhali iliyovunjika mapema.

Mzozo wa Dada ndio ulikuwa mzito. Nilisafiri kwenda Tanga kwa kikao cha familia, na usiku wa kabla yake tukawa wawili jikoni, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Akaanza na baba. Kwamba baba hakumnyima mama kitu. Kwamba kaburi lake halina hata miaka kumi. Kwamba mwanamke mwenye heshima akishafikia umri ule hutulia na tasbihi yake. Nikamwacha aseme. Alikuna mpaka kifuu kikaanza kutoa unga wa kahawia ndani ya nazi iliyokunwa, naye hakuona. Nilipomshika mkono ili asiharibu nazi, akanyamaza, halafu akasema neno ambalo sikulitegemea: "Mama akiondoka hapa, mimi nikiachwa nitakwenda wapi?"

Mume wa Dada kaoa mke wa pili. Hilo tunalijua wote na hatuliongei. Yeye alibaki, akasema kavumilia kwa ajili ya watoto, na sisi tukamsifu kwa uvumilivu wake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba uvumilivu ule wote ameuweza kwa kuwa upande wa pili wa mji kuna mlango ambao hata akigonga saa nane za usiku atafunguliwa, na anayefungua hatauliza umefuata nini. Mama akiwa pale, Dada ana kwao. Mama akiolewa Muheza, nyumba inabaki kuta na hati, na hati nayo ina wenyewe wengi.

Sikuwa na jibu usiku ule. Ila niliona sasa kwa nini hatuelewani. Mimi nilikuwa natetea ndoa ya mama, yeye alikuwa hapigani na ndoa ya mama hata kidogo.

Kikao kilikuwa baada ya Alasiri. Mjomba, baba mdogo, shehe wa msikiti wa karibu ambaye mjomba alimwomba aje, na sisi. Baba mdogo akaanza kwa upole, akasema hana kinyongo, ila shemeji yake akishaolewa ametoka katika nyumba ya marehemu kaka yake, na haki yake imetoka naye. Alitaka nyumba igawanywe sasa, na fungu la mjane lisihesabiwe.

Shehe hakupandisha sauti. Akasema mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na thumuni ile ilikuwa mali yake tangu siku mumewe alipokata roho. Kuolewa hakumpokonyi kitu alichokwisha kurithi. Akatuchorea kwa vidole juu ya meza: babu na bibi walishatangulia, hakuna mtoto wa kiume, basi nyumba ihesabiwe mafungu 24. Matatu ya mama. Kumi na sita ya mabinti kwa pamoja, maana wakiwa wawili au zaidi wana thuluthi mbili. Matano yaliyobaki ni ya ndugu wa marehemu, naye ndiye baba mdogo. "Hilo lako hakuna wa kukunyima," akamwambia, "na hilo lake usiliguse."

Nami nikasema langu, maana nilikuwa nimejitayarisha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume ana hiari ya kuishi anapopenda, na ana hiari ya kubaki bila mume au kuolewa tena na mtu anayemchagua mwenyewe. Masharti kwa aliyeolewa kwa Kiislamu ni amalize kwanza eda. Mama eda aliimaliza zamani. Baba mdogo akasema hizo ni sheria za serikali. Shehe akamjibu kwa Suratul Baqara, aya ya 234, ile ile inayotaja miezi minne na siku kumi. Inaendelea kusema kwamba muda huo ukitimia hapana lawama juu yenu kwa wanayojifanyia wenyewe kwa wema. Akatuangalia mmoja mmoja. Wanaoondolewa lawama hapo ni sisi jamaa, akasema, maana Mola anajua ni sisi tutakaokaa kulaumu.

Kisha akatusimulia habari za Ummu Salama, aliyefiwa na Abu Salama akaachwa na watoto. Posa ya Mtume ilipomfikia alitoa nyudhuru: umri wake, wivu wake, na watoto wake. Mtume hakumwambia awaache watoto ndipo amwoe. Aliwapokea pamoja naye. Mdogo wetu alikuwa amekaa karibu na mlango, na hapo nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mama hakuwa ndani ya kikao, alikuwa chumba cha pili, lakini kuta za Ngamiani hazizuii kitu. Tulipotoka akaniita peke yangu. "Nyinyi mnanilea vizuri, mwanangu, sina malalamiko. Lakini nikikohoa usiku, nakohoa peke yangu." Hakuongeza, nami sikuhitaji aongeze. Mapenzi ya watoto kwa mama ni makubwa, lakini yana mipaka yake, na mtoto anayempenda mamake aijue mipaka hiyo bila kuona ameibiwa. Nimesikia watu wazima, wasomi, wanasema mama akiolewa tena amemsaliti baba. Mimi nasema aliyekaa na mtu mpaka akamfumba macho ameshatimiza ahadi yake yote.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mama alituita watatu chumbani kwake. Alikuwa ametiwa hina kidogo, kucha tu, hakutaka zaidi. Akatoa ufunguo wa kabati akampa Dada. Dada amepewa jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo siku zote mama humwita "mama".

"Mama," akamwambia, "thumuni yangu siiuzi. Nyumba ikigawanywa, fungu langu litakuwa kile chumba cha uani chenye mlango wake. Atakayerudi kati yenu, kwa lolote lile, ataingia humo bila kumwomba mtu."

Sijui nani alimwambia. Si mimi, na naapa Dada hakuwa na ujasiri wa kumwambia. Nadhani mama alikuwa anajua siku zote.

Dada aliushika ule ufunguo akauangalia. Halafu akauliza, "Na mumeo anajua?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, kabla ya hapo alikuwa "yule mzee". Mama akasema anajua, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia aliseme hilo kabla ya ndoa, asingoje baadaye.

Siku ya ndoa Dada alikuwa uani tangu alfajiri, kwenye masufuria ya pilau pamoja na akina mama wa mtaa. Nilielewa. Mwenye kupika ana sababu ya kutoingia ndani. Babu alishafariki, hivyo mjomba ndiye walii, msimamizi wake wa kumwozesha, na akaja mlangoni na mashahidi wawili kuchukua idhini. Mwanamwali akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukubali. Aliyewahi kuolewa lazima aseme kwa kinywa chake. Chumba kizima kikatulia. Mama alikuwa kajitanda leso mpya, mikono juu ya mapaja. Akasema, wazi kabisa, "Kaka, nimekupa idhini, niozeshe." Sikuwahi kumsikia mama akisema jambo lake mwenyewe namna ile, bila kulizungusha, bila "kama hamtajali". Nilipogeuka, Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko mkononi, unadondosha mafuta kwenye mkeka. Vigelegele vilipoanza hakupiga. Hakuondoka pia, mpaka mwisho.

Sitaki kusema kila kitu kimekaa sawa. Dada hakumpa mkono yule mzee wakati wa kuagana, alisema mikono yake ina vitunguu. Mdogo wetu alilia gari lilipoondoka, na usiku ule alilala chumbani kwangu na taa inawaka. Atakaa naye nani pale nyumbani mpaka siku yake ya kuolewa? Tumekubaliana binti mkubwa wa Dada ahamie, ni karibu na shule yake. Watu wa Pangani wamethibitisha wanakuja kutoa mahari baada ya Idi, na barua yao ya mwisho ilikuwa na salamu za pongezi kwa mama, kwa maandishi kabisa. Mdogo wetu alinisomea mistari hiyo mara mbili.

Baba mdogo tumezungumza naye. Hatutauza nyumba, tutamlipa thamani ya mafungu yake matano kidogo kidogo, sisi watatu, naye amekubali mradi yaandikwe. Ndiyo maana Jumatatu ya wiki ijayo nitapanda tena basi la asubuhi. Tunakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi ya baba, jambo lililokuwa likingoja tangu 2017. Dada ndiye tuliyempendekeza awe msimamizi. Mzee wa Muheza amesema atamleta mama kwa gari mpaka getini, kisha yeye atakwenda sokoni Mgandini kutusubiri huko, kwa kuwa mambo ya mle ndani ni yetu na baba yetu.