Chumvi ya gramu 23

Bagamoyo, Jumamosi

Leo nawaza juu ya sentensi inayojirudia kwenye ripoti za majaribio ya sayansi, katika madaftari ya darasa la sita: "Tulianika maji ya bahari, yakakauka, tukapata chumvi." Ni kweli tupu, lakini mtoto wa Kaole au Zinga akiisoma hawezi kulirudia jaribio hilo. Maji kiasi gani? Chombo gani? Saa ngapi?

Swali ndilo linaloibeba ripoti nzima, kwa hiyo liwe dogo: je, maji yakianikwa kwenye sinia pana hukauka upesi kuliko kwenye bakuli? Chini yake mwanafunzi aandike mistari mitatu: tunachobadilisha (upana wa chombo), tunachopima (kina cha maji kwa milimita, kila baada ya saa mbili), na tusichogusa (kiasi cha maji, mahali, siku). Kama hakuna chombo cha kupimia ujazo, mizani ya jikoni inatosha: nusu lita ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 512 hivi, ukishaondoa uzito wa chombo. Chupa ya nusu lita ikijazwa hadi mdomoni huzidisha.

Vipimo viandikwe palepale kwa kalamu ya wino. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka. Kufuta kwa raba nakukataza kabisa.

Grafu huharibika mahali pamoja karibu kila mara. Vipimo ni vya saa 3, 5, 7 na 9, kisha saa 3 ya kesho yake, na mtoto huweka nafasi sawa kati ya nukta zote. Zile saa 18 za usiku kucha zinabanwa zionekane kama mbili, na msomaji anaamini maji hukauka usiku kama mchana. Mhimili wa mlalo uhesabu saa tangu mwanzo: 0, 2, 4, 6, 24.

Panapohitaji uvumilivu zaidi ni kwenye uzito wa chumvi. Maji ya bahari kwa kawaida yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo nusu lita itoe 17 au 18. Kikundi kikipata 23, kishawishi ni kuandika 18 ili mwalimu afurahi. Hapo ndipo namkalisha mtoto na kumwambia 23 yake ni mali. Aiandike, kisha atafute sababu: mchanga, kama maji hayakuchujwa kwa kitambaa safi, au unyevu, maana chumvi ghafi hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Aianike tena, apime mchana badala ya asubuhi, arudie mpaka vipimo viwili vifuatane bila tofauti. Ikipungua mno, aangalie iliyoganda kwenye sinia, au aulize maji yalichotwa wapi: karibu na mdomo wa Mto Ruvu, maji ya mto yasiyo na chumvi huipunguza chumvi ya bahari.

Kuandika kuanze na njia, kisha matokeo, kisha maelezo ya matokeo. Utangulizi uje baada ya hapo, na kichwa cha habari mwisho kabisa, kwa kuwa mtoto akianza na kichwa hujikuta anailazimisha kazi ikifuate.